Mto Unaopita kwa Jirani: Jitihada za Serikali za Kulinda Maji ya Mito na Bahari, na Afya ya Wakazi wa Kibaha na Kisarawe

Utangulizi

Mkazi wa mji wa Kisarawe anapofungua bomba, maji anayoyapata hayatoki katika vilima vinavyouzunguka mji wake. Yametoka mto Ruvu, yakasafishwa Mlandizi wilayani Kibaha, yakasukumwa hadi kwenye matenki ya Kibamba, na kutoka hapo yakapandishwa mpaka kwake. Mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe ulizinduliwa rasmi mwezi Juni 2020, baada ya miaka mingi ambayo wakazi wa mji huo walitegemea visima, malambo na maji ya kununua kwa ndoo.

Wakati huohuo, vilima vya Pugu vilivyomo wilayani humo ndivyo vinavyouzaa mto Msimbazi. Mto huo hauwanyweshi watu wa Kisarawe. Unateremka kilomita zipatazo 35, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Kwa hiyo mkazi wa Kisarawe ana nafasi mbili kwa wakati mmoja. Katika mto Ruvu, yeye anakunywa kilichoachwa na walio juu yake. Katika mto Msimbazi, yeye ndiye aliye juu, na walio chini yake ni mamia ya maelfu ya watu.

Makala haya yanaeleza kazi ambayo serikali inaifanya ili maji ya mito hiyo miwili, na ya bahari inayoipokea, yawe salama. Yanaeleza pia kazi hiyo inazuia magonjwa gani, inaishia wapi, na wapi wajibu wa mhudumu wa afya na wa familia unaanzia. Hoja kuu ni hii: ulinzi wa mto ni tiba ya kwanza, nayo hutangulia mtambo wa kusafisha maji, hutangulia zahanati, na hutangulia dripu.

Fundisho la mto Thames

Uhusiano kati ya mahali maji yanapochotwa mtoni na idadi ya vifo ulithibitishwa London mwaka 1854, wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Daktari John Snow alichunguza mitaa ya kusini mwa jiji ambamo kampuni mbili ziliuza maji, pengine katika nyumba zinazotazamana. Kampuni ya kwanza ilichota maji ya mto Thames katikati ya jiji, mahali ambapo majitaka yalimwagwa. Kampuni ya pili ilikuwa imehamisha dakio lake mwaka 1852 na kulipeleka juu zaidi ya mto, kabla ya mto kupokea uchafu wa jiji. Katika wiki 7 za mwanzo za mlipuko, Snow alihesabu vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 zilizopata maji ya kampuni ya kwanza, na vifo 37 kwa kila nyumba 10,000 zilizopata maji ya kampuni ya pili.

Wakati huo hakuna aliyejua klorini katika maji ya kunywa, wala dawa ya kuua vijidudu, wala maji ya kuongezewa mgonjwa kwa mishipa kama tuyatumiavyo leo. Tofauti kubwa ilikuwa moja tu, yaani hali ya mto pale maji yalipochotwa. Fundisho hilo halijazeeka. Mtambo wa kisasa hupunguza hatari, lakini haugeuzi kila aina ya maji kuwa salama.

Mto Ruvu: maji ya Kibaha na ya jiji

Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Kabla ya kufika Mlandizi hupokea maji ya mto Ngerengere, ambao umepita kando ya Manispaa ya Morogoro, viwanda vyake na mashamba yake. Baada ya Mlandizi huendelea hadi baharini karibu na Bagamoyo. Mitambo miwili mikubwa huchota maji yake: Ruvu Juu ulioko Mlandizi, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini ulioko wilayani Bagamoyo, wenye uwezo wa lita milioni 270. Kibaha, Kisarawe na sehemu kubwa ya Dar es Salaam hutegemea mitambo hiyo inayoendeshwa na DAWASA.

Kazi ya mtambo inaweza kuelezwa kwa hatua nne. Kwanza, maji ya mto huchanganywa na dawa inayofanya kazi kama shabu, ili chembe za udongo zishikamane na kuwa mabonge. Pili, mabonge hayo huachwa yazame. Tatu, maji hupitishwa katika mchujo wa mchanga. Nne, hutiwa klorini ili kuua vijidudu vilivyobaki na kuyalinda maji safarini ndani ya mabomba. Mhudumu wa afya hana budi kukumbuka jambo moja kuhusu hatua hizi: tope ni ngao ya vijidudu. Bakteria aliyejificha ndani ya chembe ya udongo hafikiwi vizuri na klorini, na mabaki ya majani na kinyesi huimaliza klorini kabla haijafanya kazi yake. Mvua ya masika inapoporomosha udongo kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, mtambo hulazimika kutumia dawa nyingi zaidi, na nafasi ya kosa huongezeka.

Hapa ndipo sheria inapokuwa kinga ya afya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa na ufukwe wa bahari. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaziweka bodi za mabonde kuwa wasimamizi wa vyanzo, zikiwa na mamlaka ya kutoa vibali vya kuchota maji na vya kutiririsha majitaka yaliyosafishwa. Katika eneo letu msimamizi ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, mojawapo ya mabonde 9 ya nchi. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, husimamia viwanda na miradi. Wengi huzichukulia mita 60 hizo kuwa adhabu kwa mkulima na mfugaji. Kitabibu, ukanda huo wa nyasi na miti ni chujio. Hupunguza mwendo wa maji ya mvua, hukamata udongo, na huzuia kinyesi cha mifugo na viuatilifu vya mashambani visiingie mtoni moja kwa moja.

Ubora wa maji hauachani na wingi wake. Mwezi Oktoba 2022 kina cha Ruvu kilishuka kwa ukame, uzalishaji wa mitambo ukapungua, na mgao wa maji ukaanza. Madhara yake kiafya ni ya namna mbili. Kwanza, kiasi kilekile cha uchafu kikiingia katika maji machache, huwa kikali zaidi. Na karibu na mdomo wa mto, maji ya chumvi hupata nafasi ya kupanda kutoka baharini. Pili, bomba likikaa tupu, shinikizo hutoweka na maji machafu ya ardhini huweza kunyonywa kupitia nyufa. Maji yanaporudi, ndoo za kwanza huwa ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote.

Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, ambalo mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini mwezi Novemba 2022 baada ya mradi huo kuzungumzwa kwa miongo kadhaa, linakusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 na kuufanya Ruvu utiririke mwaka mzima. Ni mradi wenye manufaa makubwa. Hata hivyo, maji yaliyotulia huwavutia konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Nchini Senegal bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986, na miaka michache baadaye kichocho cha tumbo kilienea Richard Toll, mji ambao haukuwa ukiujua ugonjwa huo. Mfano huo hautolewi kwa nia ya kupinga bwawa. Unatuonya tu kwamba uchunguzi wa mkojo na kinyesi kwa watoto wa shule, ugawaji wa dawa ya prazikwanteli na elimu kwa wavuvi vinapaswa kukua pamoja na bwawa, visisubiri wagonjwa waanze kukojoa damu.

Mto Msimbazi na bahari

Msimbazi ni mto mfupi wenye mzigo mkubwa. Unatoka katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Miti ikikatwa huko kwa ajili ya mkaa, maji ya mvua hayanyonywi na ardhi. Yanateremka kwa nguvu, yakibeba mchanga na taka, na kuufanya mto ufurike bondeni. Mafuriko ya mwezi Desemba 2011 yalisababisha vifo na kuwaondoa wakazi wengi wa bonde hilo katika makazi yao. Mto unapofurika, vyoo vya shimo na makaro hufurika nao, na kinyesi cha mtaa mmoja huingia katika visima vya mtaa mwingine.

Tatizo la pili ni kemikali. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakionyesha kuwamo kwa metali nzito kama risasi na kadmiamu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, husababisha upungufu wa damu na kuharibu figo. Kadmiamu hujikusanya katika figo kwa miaka mingi. Ni muhimu mgonjwa aelewe kwamba kuchemsha hakuondoi madini haya. Maji hupungua kwa mvuke, madini hubaki. Hata mitambo ya kawaida ya maji haikubuniwa kuyaondoa kikamilifu. Dawa ya metali nzito ni kuzizuia zisiingie mtoni. Kwa sababu hiyo, kukua kwa maeneo ya viwanda ya Kibaha, kama Zegereni na Kwala, kunapaswa kwenda sambamba na ukaguzi wa majitaka ya kila kiwanda kabla hayajatoka nje ya uzio.

Tatizo la tatu ni bahari yenyewe. Kwa miongo mingi, sehemu ya majitaka ya katikati ya jiji la Dar es Salaam ilipelekwa baharini kwa bomba bila kusafishwa, kwa imani kwamba bahari ni pana na itayameza. Bahari haimezi kila kitu. Bakteria wa kipindupindu huweza kuishi katika maji yanayochanganyika chumvi na baridi, kwenye midomo ya mito, wakijishikiza kwenye viumbe wadogo wanaoelea. Chaza na kombe hujilisha kwa kuchuja maji, hivyo hukusanya mwilini mwao vijidudu kutoka lita nyingi za maji. Mwanamke anayeokota kombe wakati wa maji kupwa, na mtoto anayeogelea karibu na mdomo wa mto baada ya mvua, wote hupokea kilichotupwa kilomita nyingi juu.

Hatua kadhaa zimechukuliwa. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na mifereji mingi iliyokuwa ikiziba kwa mifuko hiyo imepata nafuu. Mtandao mpya wa majitaka na mtambo wa kuyasafisha umejengwa upande wa Mbezi Beach. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaohusu kupanua njia ya mto, kuwahamisha waliomo katika eneo la hatari na kurudisha uoto wa asili. Hata hivyo, kazi ifanywayo Jangwani haitadumu endapo vilima vya Kisarawe vitabaki vipara. Mchanga utakaoondolewa chini kwa mashine utarudishwa na mvua kutoka juu.

Kati ya bomba na kikombe

Jitihada zote zilizotajwa huishia mlangoni. Nitatoa mfano mmoja, na kosa lililomo ni langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimhudumia mtoto wa umri chini ya miaka miwili aliyekuwa akihara. Nilimpa dawa ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini na madini ya zinki kama mwongozo unavyotaka, na kwa kuwa mama yake alisema, “Daktari, siku hizi sisi tuna maji ya bomba,” sikuuliza zaidi. Baada ya siku tisa mtoto alirudishwa akiwa amelegea, macho yameingia ndani, hawezi hata kunyonya. Alipona, lakini kwa dripu na kwa kulazwa. Safari hii niliuliza. Maji ya bomba yalitoka mara mbili kwa wiki. Familia iliyahifadhi katika pipa lisilo na mfuniko, na kila mtu alichota kwa kikombe chake, mkono ukizama ndani.

Bomba lilikuwa la kweli, na mtambo ulikuwa umefanya kazi yake. Klorini ndiyo iliyokuwa imekwisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza klorini huru isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochotea. Maji hayo yakiwekwa katika chombo wazi kwa siku mbili au tatu, klorini hupotea, na mkono mmoja usionawa unatosha kuyaharibu.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Kati ya Agosti 2015 na mapema 2018 kipindupindu kiliwapata zaidi ya watu 30,000 nchini, Bara na Visiwani, na kuua zaidi ya 500. Mlipuko huo ulianzia Dar es Salaam. Mlipuko wa namna hiyo huwa na dalili za awali, na mara nyingi dalili hizo huwa katika rejista ya zahanati kabla hazijafika katika maabara ya maji. Kwa sababu hiyo, mhudumu wa Kibaha au Kisarawe anashauriwa:

1. Kumuuliza kila mgonjwa wa kuhara maswali matatu: maji yanatoka wapi, yanahifadhiwaje, na choo cha nyumbani kinaelekeza wapi uchafu wake.

2. Kuandika katika rejista jina la mtaa au kitongoji cha mgonjwa. Wagonjwa watano wa kituo kizima hawaelezi jambo; wagonjwa watano wa kitongoji kimoja kinachotumia kisima kimoja wanaeleza.

3. Kutoa taarifa ndani ya saa 24 kwa kila mgonjwa anayeharisha ghafla choo chepesi kama maji ya mchele na kuonyesha dalili za kuishiwa maji, bila kusubiri majibu ya maabara.

4. Kushirikiana na Afisa Afya kupima klorini katika bomba za mwisho wa mtandao na katika vyombo vya nyumbani, hasa maji yanaporejea baada ya mgao.

5. Kuwafikishia mamlaka ya maji na bodi ya bonde kile kinachoonekana kituoni. Mamlaka hupima mto; wahudumu huwapima watu wanaounywa. Vipimo hivyo viwili visipokutana, kila upande huona nusu ya tatizo.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwa mgonjwa na familia yake, haya ndiyo ya kuzingatia:

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1 kamili, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Anayetumia vidonge vya kutibu maji afuate kipimo kilichoandikwa na asubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yaachwe yatulie na yachujwe kwa kitambaa safi kwanza.

Maji yaliyotibiwa yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye koki, kikiwa na mfuniko. Mkono usiingie ndani.

Maji yanaporudi baada ya mgao, ya mwanzo yatumike kumwagilia au kusafishia choo, siyo kunywa.

Mboga za bondeni zisilimwe kwa maji ya mfereji wa majitaka. Kuziosha huondoa udongo na baadhi ya vijidudu. Madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki.

Chaza na kombe waliookotwa karibu na midomo ya mito wasiliwe wabichi wala nusu wabichi, na watoto wasiogelee huko baada ya mvua kubwa.

Anayeharisha aanze kunywa dawa ya chumvichumvi mara moja. Isipopatikana, lita 1 ya maji safi ichanganywe na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Mtoto wa zaidi ya miezi 6 apewe zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Wa chini ya miezi 6 apewe miligramu 10.

Mgonjwa apelekwe kituoni bila kuchelewa akiwa hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, macho yameingia ndani, hapati mkojo, au choo kina damu.

Hitimisho

Serikali imejenga mitambo, imetunga sheria, imeanza bwawa na inalitengeneza upya bonde la Msimbazi. Kila moja ya kazi hizo ni kazi ya afya, ingawa haifanywi na Wizara ya Afya. Mafanikio yake yatategemea watu ambao hawaonani: mkulima wa Uluguru anayeamua kuacha mita 60 bila kulima, mwenye kiwanda Kibaha anayesafisha majitaka yake hata siku isiyo na mkaguzi, mchoma mkaa wa Kisarawe anayepata shughuli nyingine ya kumlisha, na mama anayefunika pipa.

Katika mito hii miwili, sisi wa Kibaha na Kisarawe tunapokea kutoka kwa jirani wa juu na tunampelekea jirani wa chini. Mgonjwa wa kuhara anapoketi mbele yetu, pamoja na kumpa dawa, tumuulize maji yake yamepita wapi.